Birika la Zahanati

Jumanne, 9 Januari

Siku ya Daktari Salua. Huja kijijini mara moja kwa wiki. Siku zilizobaki zahanati ni mimi, Mongi Ferjani, muuguzi. Na bado watu wanaiita zahanati ya Daktari Salua!

Bi Hedia, jirani yangu, kamleta mjukuu wake Yusra, miaka miwili na miezi minne. Mama wa mtoto anashona nguo kiwandani Sfaksi, bibi ndiye mlezi. Mtoto midomo imempauka, hachezi, analamba chokaa ya ukutani. Nilikwishaandika daftarini: minyoo. Kwa kalamu nyekundu! Daktari akamtoboa kidole. Kipimo cha damu: nane nukta nne. Inatakiwa kumi na moja. Akaifuta minyoo yangu mbele ya watu.

Kampa dawa ya maji, ya madini ya chuma, ya kuongeza damu. Wiki nne. Damu isipopanda, mtoto akalazwe hospitali ya mjini. Bi Hedia akaanza kulia pale pale. Mtoto wake wa kwanza aliingia hospitali akiwa na umri huo huo, hakutoka. Nikamshika mkono, nikamwambia Yusra haendi popote, Mongi yupo. Daktari alikuwa bado anaeleza dawa inywewe na nini na isinywewe na nini. Sikusikiliza sana. Mimi nilianza kazi hii yeye hajaota meno.

Ijumaa, 12 Januari

Balaa. Yusra anaitema dawa. Nimeionja mwenyewe: msumari mtupu. Bi Hedia analalamika kuwa gauni tatu zimeingia madoa yasiyotoka. Nikawapitia watoto wengine kumi na wawili wanaopewa dawa hiyo hiyo. Chupa zote zimejaa! Mama mmoja anaiweka juu ya kabati, anasema inapendeza.

Nikakaa mlangoni kufikiri. Ng'ambo ya barabara, Khemais, muuza mitishamba. Hana cheti, hana koti jeupe, ana wateja. Kwa nini? Nikatazama vizuri. Jiko la mkaa, na birika la chai nyeusi linalochemka tangu alfajiri. Watu wanafuata chai!

Nimenunua jiko, mkaa, na birika kubwa kuliko lake.

Jumatatu, 15 Januari

Ushindi! Glasi ndogo, chai iliyochemka mpaka imekuwa nzito, vijiko vitatu vya sukari, dawa humo humo. Yusra kanywa, kalamba glasi, kaomba nyingine. Watoto wote kumi na watatu wamekunywa. Akina mama nao wamekunywa. Chumba cha kusubiri kimejaa kama arusini.

Khemais kaja kupeleleza. Kasema chai yangu ni maji ya kuoshea punda. Kisha akanywa glasi tatu. Wivu huo.

Daktari Salua ameitwa semina Tunis, wiki tatu. Safi kabisa. Akirudi atakuta kijiji kizima kina damu, na ataniuliza nimefanyaje.

Jumatano, 24 Januari

Sielewi. Nimemtoboa Yusra kidole: nane nukta moja. Imeshuka!

Mashine ni mbovu. Nikajitoboa mwenyewe: kumi na nne. Nikamwita Khemais, nikamtoboa: kumi na sita. Sasa anapita kila duka akitangaza kuwa ana damu kuliko muuguzi. Kwa hiyo mashine ni nzima. Afadhali ingekuwa mbovu.

Bi Hedia anasema ni jicho la mtu. Khemais anasema mtoto apewe dengu na limau, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Nimecheka mpaka nikakohoa. Limau! Mimi nadhani dawa inachelewa njiani, inahitaji maji ya kuisukuma. Kuanzia leo ni glasi mbili kwa kila mtoto.

Ijumaa, 2 Februari

Saba nukta tisa.

Nimetoboa wengine watano. Wote wameshuka. Dawa inaingia, naiona kwa macho yangu, damu inatoka wapi? Nimekwenda kwa Bi Hedia nikaupaka ukuta wake rangi ya mafuta ili mtoto asilambe tena. Amehamia kwenye mkaa wa jiko langu.

Bi Hedia hakuuliza kipimo. Aliuliza tu kama atayarishe nguo za hospitali. Nikasema hapana, mama, bado nina mpango. Sina mpango wowote. Nina hofu, naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye.

Jumanne, 6 Februari

Daktari Salua amerudi. Kasimama mlangoni: moshi, birika, watoto kumi na watatu na glasi mkononi. Akauliza ni nani anayechanganya dawa na chai. Nikapiga hatua mbele. Kwa fahari! Hata nilikuwa nimechana nywele.

Akasema polepole, kama anayezungumza na mtoto, kwamba chai inayakamata yale madini ya chuma tumboni na kutoka nayo, na ikichemshwa hivyo ndiyo mbaya zaidi. Kwamba aliniambia siku ile ile alipotoa dawa. Kwamba bila mimi watoto hawa wangekuwa wamekwishapona. Khemais alikuwepo, na glasi yake. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sitamsamehe.

Bi Hedia hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu Mongi, mimi nilikuamini wewe." Nikatamani ardhi ipasuke.

Daktari ametoa wiki mbili za mwisho: dawa na maji ya machungwa, tumbo likiwa tupu, chai na vinywaji vya jamii yake marufuku. Ikishindikana, mtoto anakwenda mjini. Nimelipiga teke birika. Limejaa. Nimeungua mguu.

Jumanne, 20 Februari

Tisa nukta tatu! Imepanda! Yusra haendi hospitali. Bi Hedia kapiga vigelegele mpaka mbwa wa Khemais wakajibu. Mtoto kanipiga kofi gotini na kukimbia. Anakimbia! Nimelia kidogo, nikasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Daktari kampa Bi Hedia mkono. Mimi hakunipa. Wote wanasifu machungwa. Machungwa yamekuta kazi imekwisha! Ni nani aliyelizoesha tumbo lile dawa mwezi mzima?

Daktari alipoondoka, Bi Hedia akabaki kupumzika, Yusra kwenye goti langu. Ikafika saa ya dawa. Machungwa yalikuwa yamekwisha. Mtoto akanyoosha kidole kwenye birika. Nikakataa katakata. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Chai, kamwe!

Nikamkorogea kahawa, na kijiko cha dawa ndani yake.

Bi Hedia akainuka, akamnyakua mtoto, akavuka barabara hadi kwa Khemais kuulizia limau, bila hata kuaga. Wanawake hawa! Sijui nimemkosea nini.