Ng'ombe Mmoja, Vituo Viwili

Leo nimeaibishwa na ng'ombe. Tena si ng'ombe wa kupita njiani. Ni wa mahari ya mdogo wangu mwenyewe.

Ngojeni niwaeleze vizuri. Mnajua kazi yangu. Kampuni yetu inatunza data za watu: shule, maduka, zahanati, kumbukumbu zao zote ziko kwenye mitambo yetu, ndani ya chumba baridi hapa Mamboleo. Chumba hiki kikipatwa na balaa, kuna kingine Ahero chenye nakala ya kila kitu, na kazi inahamia huko kabla wateja hawajajua lolote. (Ndiyo, Ahero hiyohiyo ya mafuriko. Kiwanja ni cha bosi, sikuulizwa. Tuliweka mitambo orofa ya juu tukamwachia Mungu.)

Mamboleo nasimamia mimi. Ahero anasimamia Ouma. Kazi haihami mpaka sote wawili tukubali kwa simu, kila mtu na namba yake ya siri, ili mmoja akirukwa na akili mwenzake amzuie. Na aliyeandika masharti hayo ni nani? Mimi. Juzi tu niliyasoma mbele ya bosi wetu, Bwana Kariuki, kifua mbele: vituo viwili visitegemee kitu kimoja. Si stima moja, si waya mmoja, si barabara moja. Na kila kituo kiwe na mtu wake saa zote. Bosi aliyapenda sana. Akasema mitambo ikizima tena na mmoja wetu akose kuwa kwenye kiti chake, atatafuta watu wengine.

Sasa Ouma ndiye anayemwoa mdogo wangu, Adhiambo. (Niliwakutanisha mimi. Kujipalia makaa ni kipaji changu.) Na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuleta ng'ombe nyumbani kwetu, karibu na Usenge.

Mimi na Ouma tuna utaratibu wetu ambao bosi haujui. Mimi nikiwa na shughuli, Ouma ananishikia. Ouma akiwa na shughuli, mimi namshikia. Haujawahi kutuangusha. Shida ni kwamba leo shughuli ilikuwa moja. Kila mmoja alijua mwenzake hawezi kukosa, na kila mmoja akanyamaza kimya. Nilijiambia leo ni Jumamosi, nini kitaharibika Jumamosi.

Kikaharibika saa ya chakula.

Nilikuwa jikoni nasonga ugali, jasho mpaka kwenye kope, simu ikalia ule mlio ninaouogopa hata ndotoni. Hifadhi ya data ya Mamboleo imekufa. Papo hapo nikasikia mlio uleule ukitoka sebuleni. Ouma alikuwa ameketi huko katikati ya wazee, shingo chini, adabu tupu, kama mkwe anavyotakiwa. Baba yetu mdogo, Mzee Ogola, alikuwa amepiga marufuku simu tangu asubuhi. Nikamsikia akiuliza ni nani huyo anayeletewa habari muhimu kuliko mke.

Kwetu pale ujumbe mfupi unaingia kokote, lakini intaneti inashika mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, kando ya mti waliofungia ng'ombe wa Ouma. Nikakimbia huko na mwiko mkononi. Ouma akawaomba wazee ruhusa ya kwenda haja, akaja mbio na suti yake. Hatukusalimiana. Nikaweka namba yangu, akaweka yake. Na yawa, kazi ikahama! Shule, maduka, zahanati, wote wakafika Ahero salama bila hata mmoja kuanguka njiani. Nilitaka kulia kwa furaha. Kitu nilichokipanga kwa miaka kilikuwa kimekubali, nami nimekishuhudia nikiwa na ugali kwenye vidole.

Tungeishia hapo, sasa hivi mngekuwa mnanipongeza. Lakini simu ikalia tena. Bosi, na ametuunganisha sote wawili kwenye laini moja.

Ouma akajisogeza kando akageukia shamba la mtama. Mimi nikageukia choo. Ng'ombe akabaki katikati.

"Akinyi, uko wapi?"

"Niko Mamboleo, bosi. Mbele ya mitambo."

(Mwiko ulikuwa unanidondoshea ugali kwenye kiatu.)

"Na Ouma?"

"Ahero, bosi. Orofa ya juu," Ouma akadakia.

"Vizuri. Akinyi, taa ya hiyo hifadhi ina rangi gani?"

Nikasema nyekundu, kwa sauti ya mtu anayeiona. Tena nikaongeza kwamba inawaka na kuzima. Uongo ukikuendea vizuri unaanza kuupamba.

Hapo ndipo ng'ombe akalia. Wala hakulia kidogo, alilia kama aliyekumbuka kwao. Sauti ikaingia kwenye simu yangu, ikaingia kwenye ya Ouma, na kule kwa bosi akasikika mara mbili, mmoja nyuma ya mwenzake. Ouma, badala ya kufunga mdomo, akakohoa na kueleza kwamba huyo ni wa jirani, Ahero kuna ng'ombe wengi.

"Na wa Mamboleo?" bosi akauliza.

Kabla sijapata jibu, Mzee Ogola akatokeza kwenye kona ya jiko akaita kwa ile sauti yake ya kanisani: "Ouma, wazee wanakungoja. Na wewe Akinyi, ugali unaungua."

Majina yote mawili, moja baada ya lingine.

Bosi hakufoka. Afadhali angefoka. "Akinyi," akasema taratibu, "mimi niko Mamboleo. Nimemleta mteja mpya aone mitambo. Tumesimama mbele ya hiyo taa. Ni nyekundu kweli. Lakini ng'ombe simwoni."

Nyuma yake nikasikia mtu akicheka mpaka anakohoa. Ndiye mteja.

Nikasema ukweli wote, maana uongo ulikuwa umeniishia. Bosi akafikiri, akasema leo hatatufukuza, kwa sababu kazi imehama na mteja ameridhika na mitambo (ni sisi tu anaotutilia shaka). Ouma abaki, kwa kuwa mkwe hatolewi mbele ya wazee. Mimi nirudi kazini mara moja. Na kwenye masharti yangu mazuri niongeze moja: wasimamizi wa vituo viwili wasiwe wa familia moja. Jumatatu nimwambie ni nani kati yetu anaachia kiti.

Miaka yote nimepanga dhidi ya mafuriko, radi, moto na panya. Harusi sikuiandika.

Basi nawaandikia nikiwa Mamboleo, mbele ya taa nyekundu, na safari hii ni kweli. Nimepika tangu alfajiri na sijaonja hata mchuzi. Nimempigia Adhiambo nikamwuliza, kwa upole kabisa, kama huyu mtu anampenda kiasi hicho. Akafikiri vizuri. Kisha akaniambia nianze kutafuta kazi.

Ouma naye ametuma picha sasa hivi. Ni sahani yangu, na paja la kuku nililokuwa nimejiwekea. Chini yake ameandika: "Usijali shemeji, nimekushikia."