Nadhiri za Scola, Mubashara Hadi Kabwe

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Usaliti! Tena wa damu. Dada yangu Scola anaweka nadhiri za daima Ijumaa, na kazi ya kurusha misa mubashara kampa Justina. Justina! Niliyemfundisha mimi kushika kamera, leo ana studio ya milango ya vioo, inatazamana na yangu. Mama yuko Kabwe kwa mdogo wangu Elia. Mama kavunjika nyonga, ile barabara haiwezi. Atamwona Scola kwenye simu ya Elia tu. Nimempigia, nimemwapia kwamba picha itatoka kwa mwanawe wa kumzaa. Kalia kwa furaha. Sijawahi kurusha kitu mubashara. Lakini Mama hakuuliza.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekwenda kwa Mama Mkuu wa masista. Nimemwambia, kwa masikitiko, kwamba mitambo ya Justina ilipokuwa harusini Muze palifuka moshi. Si uongo. Moshi ulikuwepo. Wa jikoni. Mama Mkuu kashtuka, kazi kanipa mimi. Scola kanigeuzia mgongo, kaenda zake. Shauri yake.

Jumatano, 13 Agosti
Kifaa cha kurushia kimefika na basi la Tunduma. Kidogo kama kiberiti: waya mmoja unatoka kwenye kamera, mwingine unaingia kwenye laptopu. Kazi ya mtoto! Ila tundu la kamera ni dogo na waya ni mkubwa. Nimesukuma. Nimegeuza. Nimesukuma tena. Kisha, aibu gani hii, Justina kavuka barabara na waya mwembamba mkononi. Shikamoo mwalimu, huu ndio wenyewe. Nimemwambia nilikuwa naujaribu ule mkubwa makusudi. Kasema nizime maandishi ya kamera, la sivyo yataonekana juu ya picha. Kasema nizuie kamera isijizime yenyewe baada ya nusu saa. Kasema kuna jambo la tatu, kwenye laptopu. Nimemwambia mawili yanatosha. Nilishika kamera yeye hajaota meno!

Alhamisi, 14 Agosti
Asubuhi: laptopu giza tupu. Saa tano: giza. Saa nane nimechomeka waya kwenye tundu la pili na picha imetokea! Studio yangu yote kwenye laptopu, safi kama maji. Imetosha. Nimepita mbele ya vioo vya Justina mara tatu, polepole.

Ijumaa, 15 Agosti
Ushindi! Nafasi ya kwanza kando ya altare. Justina kakaa nyuma na kwaya, eti anawarekodia wao. Kabla ya misa laptopu iliganda, nikaizima na kuiwasha upya. Alama nyekundu ikawaka: tuko hewani. Jua la dirishani lilipiga kioo cha laptopu, sikuona kitu zaidi ya hiyo alama. Kwa nini nihangaike? Macho yangu yalikuwa kwenye kamera, na kwenye kamera Scola alikuwa malaika. Elia alipiga mara sita. Nikazima simu. Watu wa Kabwe hawana adabu ya ibada. Mzee Stanley wa kamati aliniuliza kwa kunong'ona kama picha inafika vizuri. Nikamjibu kwamba mtazamaji mwenyewe ni mama yangu, macho hayaoni, hata nikimrushia ukuta atashukuru. Na kwamba shida yangu ni Justina anione.

Jumamosi, 16 Agosti
Sijui niandikeje.

Laptopu ina kamera yake mwenyewe, ndogo, juu ya kioo. Ilipowaka upya ilichagua hiyo. Kabwe hawakumwona Scola hata dakika moja. Walijaa sebuleni kwa Elia, majirani na wauza dagaa, wakatazama kidevu changu na matundu ya pua yangu kwa saa mbili na nusu. Na sauti ilikuwa safi kabisa.

Nilianza kumweleza Mama habari za matundu na nyaya. Akanikata.

"Macho yangu mabovu, Tadei. Masikio mazima."

Akamrudishia Elia simu. Nimefunga studio mchana kutwa. Nadhiri za daima hazirudiwi.

Jumatatu, 18 Agosti
Justina kapanda basi la Kabwe na laptopu yake. Kamwonyesha Mama misa yote, tangu maandamano ya kuingia hadi baraka. Elia anasema Mama aliomba arudishiwe pale Scola anapolala kifudifudi, mara nne, na Justina sasa anaitwa mwanangu. Nani kamtuma? Nilikaa kumwandikia Mama barua ya kuomba msamaha. Mstari wa pili nilikuwa tayari namsema Justina. Nimeichana. Ningeandika nini kingine?

Jumatano, 20 Agosti
Kaja Mzee Mboje, mfugaji wa Muze. Anamwoza binti yake, na ndugu zake wa Shinyanga hawawezi kufika wote. Anataka harusi iwafikie mubashara. Kaniuliza kama nimewahi. Nimemwambia juzi tu, misa ya nadhiri, na watazamaji hawakubanduka hadi baraka ya mwisho. Kaniuliza walisemaje. Nimemwambia Kabwe bado wanaizungumzia.

Tumeshikana mikono.