Klabu ya Hali ya Hewa na Siafu wa Mahafali

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya aibu. Mwalimu Mektrida, makamu mkuu wa shule na mkubwa wa klabu zote, ametangaza mstarini kwamba klabu isiyo na faida itafutwa baada ya mahafali ya Kidato cha Nne. Wanachama wake watapelekwa Klabu ya Kilimo. Maana yake kubeba samadi hadi migombani. Mimi, Nurdin, mtoto wa Njoro mjini, nibebe mavi ya ng'ombe!

Klabu yangu ni ya Hali ya Hewa. Mwenyekiti: mimi. Mwanachama: Praygod, ambaye alijiunga akidhani ni klabu ya kupunga hewa. Bado hajakata tamaa.

Hellen, mwenyekiti wa Maigizo, alinitazama akatabasamu. Klabu yake imejaa hadi wengine wanakaa sakafuni. Tabasamu lile sitalisahau.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango! Utabiri kila asubuhi mstarini, shule ione faida. Jana nilikata shingo ya chupa ya maji nikapata kipimo cha mvua. Alfajiri nikakikuta kimejaa nusu. Nikakimbia mstarini, nikatangaza kwamba usiku tulipata mvua kubwa sana.

Watu wakatazama vumbi miguuni mwao.

Kumbe nilikiweka chini ya kamba ya Matroni Flavia, na mablanketi yake yalichuruzika usiku kucha. Hellen akauliza kama na sabuni pia ilinyesha. Shule nzima ikacheka. Hata Praygod! Nimemkumbusha kwamba yeye ni makamu mwenyekiti. Akasema ndiyo kwanza anasikia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimegundua utabiri usiokosea. Unasema hivi: leo jua linaweza kutoka, na mvua inaweza kunyesha, isipokuwa ikiamua vinginevyo. Tangu nianze sijakosea hata mara moja. Walimu wanatikisa vichwa kwa heshima. Mwalimu Ndelilio wa michezo amenipa mkono.

Nadhani ni kipaji.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kipaji kimeniponza. Mwalimu Mektrida aliniuliza mbele ya shule nzima: Jumamosi mahafali yafanyike uwanjani au bwaloni? Nikaanza, jua linaweza... Akanikatiza.

"Nurdin. Uwanjani au bwaloni?"

Kabla sijajibu, Hellen akanyoosha mkono. Akaomba iwe bwaloni. Akaeleza kwamba bibi yake, aliyemlea huko Masama, atakuja kumwona akiigiza kwa mara ya kwanza, na masikio yake ni mazito. Uwanjani upepo unameza maneno yote. Tena mawingu yameanza kushuka mlimani.

Hellen anatabiri! Kazi yangu! Ulimi ukaniponyoka. Nikasema uwanjani. Jua tupu. Jua la kuanikia kahawa!

Mwalimu akasema haya, leo klabu hii imesema jambo linaloeleweka. Hellen hakutabasamu. Aliinama akafunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Ushindi mkubwa. Sijui kwa nini ugali wa mchana nilimwachia Praygod.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mlima hauonekani tangu juzi. Wingu zito, jeusi, limeketi kama mgeni asiyeaga. Ikinyesha Jumamosi wazazi wote watalowa, na mimi nitabeba samadi hadi nimalize shule.

Praygod kashauri nikamwambie Mwalimu kwamba sijui. Ushauri wa ajabu. Mwenyekiti anawezaje kutojua?

Jioni nilipita darasa la mwisho. Hellen alikuwa ndani peke yake, anapaza sauti, anarudia sentensi ileile. Sauti ilishaanza kukwaruza. Nilipita haraka.

Lakini nimepata mpango. Bora kuliko yote. Siafu!

Ijumaa, 17 Oktoba

Hoja yangu: watu wakiona siafu uwanjani watahamia bwaloni wenyewe, na utabiri wangu hautalaumiwa hata kidogo. Baada ya vipindi tukaenda kwenye kihamba, shamba la migomba la shule, tukaukuta msafara wao unapita chini ya migomba. Praygod alishika ndoo, mimi sepetu. Praygod, mtoto wa mlimani, alichomekea suruali ndani ya soksi kwanza. Nilimcheka.

Sikumcheka muda mrefu.

Nilifika uwanjani nikirukaruka, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine ndani ya suruali. Mwalimu Ndelilio akauliza hiyo ni ngoma ya wapi. Nikamjibu ya kwetu Njoro. Akasema ni nzuri, mgeni rasmi aione kesho.

Tukawamwaga jirani na meza kuu. Nimelala kifudifudi. Siwezi kulala vinginevyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Matroni Flavia ndiye aliyewagundua, akitandika kitambaa cha meza kuu. Maneno aliyotoa sitayaandika; mama wa watu anaimba kwaya. Mwalimu Mektrida akaamuru wote bwaloni. Viti vikahamishwa. Mpango umetimia! Nikakaa dirishani kungoja mvua.

Jua! Jua kali! Mawingu yamekimbia, mlima umesimama mweupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Nilitabiri kweli, na nimeuhujumu ukweli wangu mwenyewe. Bwalo likawa tanuri. Mgeni rasmi, mzee mwenye mashamba ya mpunga Chekereni, kule chini tambarare, akavua koti. Nikataka kulia.

Kisha Maigizo wakaingia. Hellen alikuwa mama anayegombana na jogoo wa jirani. Sauti yake ilipanda hadi kwenye bati, kila neno likarudi safi. Bibi yake, Bibi Yuditha, alikuwa mbele, kiganja nyuma ya sikio. Kidogo kidogo kiganja kikashuka. Akacheka kabla ya watu wote. Halafu akasimama.

"Mchinje!" akapiga kelele. "Anakusumbulia nini? Mchinje!"

Bwalo likalipuka. Hellen akasahau maneno yake, akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Nami nilicheka hadi nikasahau kwamba ni adui yangu.

Baadaye alinikuta kwenye foleni ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Akatazama miguu yangu iliyovimba.

"Nurdin," akasema, "siafu hawajawahi kuonekana uwanjani."

Nikasema ajabu kweli. Akasema hata yeye anastaajabu, ila bibi amesikia kila neno, na amemtuma anipe asante. Akaniongezea nyama kwenye bakuli.

Anadhani nilifanya kwa ajili yake! Sikumsahihisha. Nilikwenda kumwamkia bibi. Shikamoo yangu ilikuwa ndogo, ya mtu mwenye hatia. Aliisikia. Akanishika mkono kwa muda mrefu, akaniita mjukuu. Joto lile la bwaloni lilinishuka machoni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Hatufutwi! Mwalimu Mektrida amesema mstarini kwamba utabiri wa Jumamosi ulitimia. Watoto wa Kidato cha Kwanza wamejiunga. Praygod ana watu wa kuwaamrisha, amenenepa kwa siku moja. Hellen naye atatusomea utabiri kila asubuhi kwa sauti yake ile, kwa sharti moja: nikiwa sijui, niseme sijui. Nilikubali kwa moyo wangu wote.

Mchana mgeni rasmi akapiga simu shuleni. Mpunga wake umevunwa, anataka kuuanika leo hadi kesho, na anamtaka yule kijana bingwa wa hali ya hewa. Mwalimu akanipa simu. Nikachungulia dirishani. Mlima umejifunika hadi magotini. Praygod alinitikisia kichwa. Hellen alichezesha midomo bila sauti: si-ju-i.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Anika. Anika wote."

Sasa niko bwenini. Kuna kitu kinagonga bati. Praygod anadai ni mvua. Nimemweleza kisayansi kwamba hata kama ni mvua, ni ya huku juu. Haina nauli ya kufika Chekereni.