Sauti Yangu Ndani ya Simu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 2024, Baraka

Lionel ameniaibisha. Mbele ya Chérie, mchumba wangu! Alicheza mchezo wangu wa mtumbwi, ule ninaouunda tangu Pasaka, akarudisha simu akipiga miayo. Eti mtumbwi unatembea tu, mutu hajue kama anashinda ao anashindwa. Eti hakuna ngazi, hakuna alama. Huyo fundi wa kubandua vioo vya simu! Chérie akacheka. Kidogo, lakini nilimwona.

Na Jumamosi ninaenda kwao kujitambulisha! Baba yake, Mzee Déogratias, ameshasema hataki mkwe wa kuchezacheza. Basi mchezo lazima uonekane kazi.

Jumanne, 6 Agosti

Kazi imefanyika! Ngazi tatu, bandari za ziwa letu: Swima, Baraka, Kazimia. Ukifikisha samaki wa ndagala salama, unapanda. Juu kushoto kuna mioyo mitatu; kiboko akikugonga, mmoja unazimika. Juu kulia, kisanduku cha jina la mchezaji.

Na sauti! Yangu mwenyewe. Ukipanda ngazi, ninakutaja jina na kukupongeza. Mioyo ikiisha, ninakutaja jina, ninakuambia umekufa, urudi Swima kuanza upya. Nilirekodi kwa ukali. Kuku wa jirani walikimbia.

Jumatano, 7 Agosti

Nyumba ile, mzee anakohoa, mama anaamua. Kwa hiyo nimempa Chérie mchezo auweke kwenye simu ya mama yake, jina tayari ndani. Shida moja: "Mama Chérie" halikuenea kisandukuni. Lilikatika likabaki "Mama Ch". Aibu! Nikaandika jina lake, "Marthe". Likakaa vizuri kabisa. Nikarekodi hivyohivyo, maana maandishi na sauti lazima vipatane.

Chérie anasema mama hauachi mchezo, ugali umeungua. Ninaiona harusi.

Ijumaa, 9 Agosti

Mungu wangu!

Mama alikuwa kanisani na bamama wa kwaya, wanangoja mazoezi. Akatoa simu. Wote wakainama kutazama. Kiboko akatokea, moyo wa mwisho ukazimika, na sauti yangu ikajaa uwanja mzima: "Marthe! Umekufa! Rudi Swima!"

Kwetu mama mkwe haitwi jina. Haitwi! Hata ukiota, unaota "mama". Mimi nimemwita kavu, nimemuua, tena mbele ya kwaya. Na Swima ndiko alikozaliwa! Bamama wameelewa kwamba mkwe ambaye bado hajaoa anamfukuza arudi kwao. Kwaya haikuimba.

Chérie hapokei simu. Nimekwisha.

Jumamosi, 10 Agosti

Nilikwenda kujitambulisha, nikakuta baraza. Mzee Déogratias na wajomba, nyuso za mawe. Mzee akauliza tangu lini bokilo, mama mkwe wa mtu, anaitwa jina, na nani alinituma kumufukuzia muke wake. Nikaeleza kwamba kisanduku kilikuwa kidogo. Akauliza kisanduku kilijengwa na nani.

Lionel naye alikuwepo! Eti amekuja kutazama spika ya simu. Bila kuulizwa, akashuhudia kwamba spika ni nzima na sauti ilisikika wazi kabisa. Nyoka!

Faini: mbuzi. Yule yule niliyemleta kwa kujitambulisha. Nilimwona akifungwa nyuma ya nyumba, roho ikaniuma. Nilidhani Chérie amenipotea. Ndipo mama, akiwa amenigeuzia mgongo, akamtuma Chérie aniulize: yule kiboko wa Baraka mutu anamupita namna gani?

Nilitaka kulia. Nikajibu kupitia Chérie: apite karibu na majani. Mzee akakohoa. Akasema nirudi Jumamosi ijayo na mbuzi mwingine, lakini asisikie tena jina la mtu katika mchezo ule. Akisikia, nisahau binti yake.

Jumapili, 11 Agosti

Nimefuta majina yote. Nimefuta sauti yangu yote. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, lakini mimi si mkaidi. Mimi nasikia nikiambiwa.

Mzee alikataza majina. Kuhusu sura hakusema neno! Na mchezo ulikosa mwisho mzuri. Kwa hiyo kwenye bandari ya Kazimia nimeweka kiboko mkubwa kuliko wote, mwenye sura ya Mzee Déogratias mwenyewe: miwani yake, kofia yake, hata kikohozi chake. Ukimpiga mara ya kwanza, kofia inaruka. Mara ya pili, suruali. Heshima ya namna hiyo Lionel hawezi kuiwaza.

Nimeshamtumia Chérie auweke kwenye simu ya mama. Amenijibu sasa hivi: mama ameshafika Kazimia, na bamama wa kwaya wako kwao, wote wamemzunguka mzee, wanatazama simu, kisha suruali yake.

Nitauza redio ninunue mbuzi mnono. Wananipenda!