Kitanda cha Wapendanao

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mwezi wa pili wa ndoa! Mume wangu Wakhungu yuko likizo, yuko nyuma ya nyumba anatutengenezea kitanda. Vumbi la mbao nyweleni, penseli sikioni. Nilimtazama dirishani mpaka chapati ikaungua.

Mama yake anafika Jumamosi kutoka Kakamega. Siku ya harusi alisema mbele ya wageni kwamba binti wa mwenye duka anajua kununua tu. Nikajibu kwa tabasamu kwamba akija Kitengela atalala chini ya blanketi la viraka nililoshona kwa mikono yangu. Akasema sawa. Nisipolimaliza, wifi yangu Cindy atahamia kwetu anifundishe kazi. Cindy, anayefuma vitambaa vya kochi hata wakati wa mahubiri! Na nyumba yenyewe ni sebule na chumba kimoja. Mapenzi yetu tutayaweka wapi?

Nimeshona viraka vichache. Vidole vimejaa matundu.

Jumanne, 12 Agosti

Nina mpango. Naipanoi, rafiki yangu wa sekondari, anaishi Bisil na anashona vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Yeye ashone nusu moja, mimi nyingine, kisha niziunge. Nimemtumia mabaki ya vitenge vya harusi kwa gari la Namanga.

Akapiga simu kuuliza upana. Utepe wa kupimia uko mfukoni mwa Wakhungu, na nikiuomba ataniuliza wa nini. Nikamwambia apime mikono minne, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mimi nitapima vivyo hivyo. Akasema, "Sawa, bibi arusi. Na sifa tutagawana nusu kwa nusu?"

Nikajifanya mtandao umepotea.

Ijumaa, 15 Agosti

Nusu ya Naipanoi imefika. Ni nzuri ajabu. Ameizungushia hata ushanga pindoni, mwekundu na mweupe. Nikailaza kando ya yangu.

Nilikuwa nimesahau kwamba Naipanoi ni mrefu. Shuleni alisimama nyuma kabisa kwenye picha, mimi nikaketi chini mbele. Mikono yake minne ni shuka. Mikono yangu minne ni taulo.

Kupunguza yake haiwezekani, ukikata pindo ushanga wote unamwagika. Kuongeza yangu hakuna muda. Nikaziunga hivyo hivyo, yake kichwani, yangu miguuni. Juu pana, chini jembamba.

Basi nikabadilisha kitanda.

Nilimpelekea Wakhungu chai. Nikamnong'oneza kwamba kitanda cha kawaida ni cha watu waliozoeana. Wapendanao wanahitaji nafasi juu, wageukiane na kuongea, na chini pawe pembamba ili miguu isiachane hata usingizini. Akaweka nyundo chini. Akasema hakujua ameoa mtu mwenye mawazo makubwa hivi. Kisha akachukua msumeno, machozi yakimlengalenga.

Ningeweza kumuoa tena leo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama amekuja na kuku na viazi vitamu. Akaenda moja kwa moja chumbani. Blanketi limeenea kitanda sawasawa! Godoro tu ndilo linaning'inia miguuni, pande zote mbili, kama masikio ya mbuzi.

Kisha akamwita mwanawe.

"Wakhungu, baba, hili jeneza ni la nani?"

Wakhungu akamweleza habari ya miguu. Mama akamtazama, akanitazama, akasema kumbe amekuwa akituombea mambo mengine kabisa.

Akaketi, akapitisha kidole kwenye mishono. Kwa Naipanoi ni midogo, imefuatana kama siafu. Kwangu inaruka kama mbuzi aliyechelewa sokoni.

"Na huku juu, mtoto wangu, ulishona ukiwa nani?"

Nikasema ni mapenzi, kuna siku yananizidi. Akacheka mpaka akafuta macho kwa leso. Akasema Cindy haji tena. Nilitaka kumkumbatia! Kumbe hajamaliza. Atabaki yeye mwenyewe, na haondoki Kitengela mpaka nishone blanketi jingine mbele yake, mwanzo hadi mwisho.

Amelala kitandani kwetu. Sisi tuko kochini. Miguu inagusana, kwa hilo siwezi kulalamika.

Jumapili, 17 Agosti

Tumetoka kanisani, sindano ikawekwa mkononi. Mama anashona kando yangu. Nikikosea hasemi neno, anafumua tu. Nimeshona tangu chakula cha mchana, na nilichonacho ni kiraka kimoja. Wakhungu amepita mlangoni mara nyingi kunipungia mkono, maskini wangu.

Lakini nimepata njia. Kesho asubuhi nitaungua mkono nikikaanga mayai. Kidogo tu, Wakhungu asiogope. Bandeji nimeshanunua. Mkono mgonjwa haushoni, na kazi ya blanketi ikisimama, Mama atakaa hapa akingoja nini?