Bomba la Pilipili

Mwaka wa tisini na moja, kipindupindu kilipozagaa duniani, watu wa Kigali walichemsha hadi maji ya kunawa. Léonce, mjanja wa mjini, yeye aliona riziki. Kwenye baa moja ya mtaa wa Sonatubes alisikia madaktari wakinong'ona: Paris kuna mkutano, na daktari mwenye utafiti wake analipiwa ndege!

Akamfuata Dogiteri Gatera, sauti tamu kama ya padri siku ya harusi.

"Dogiteri, utafiti iko. Umeisha kabisa. Unakosa jina lako tu."

"Na wagonjwa?"

"Iko Busanza. Wote wamepona. Hata majirani wao wamepona."

Gatera akanunua, ndipo akauliza dawa yenyewe ni nini. Ni pilipili! Pilipili kali ndani ya maji ya vuguvugu, mgonjwa anapigwa bomba kwa njia ya nyuma. Léonce aliibuni akila brosheti, mishikaki ya pilipili, huku machozi yakimtoka. Na kwa kuwa kurasa hazikujaa, akaongeza: "Mgonjwa akikana dawa, ni dalili njema. Ongeza pilipili."

Kisha fotokopi! Dogiteri Illuminée naye akauziwa utafiti uleule, ila wagonjwa wakahamia Nyarutarama. Maskini wale watu: wanaugua na kupona mtaa hadi mtaa, hawapumziki. Jarida la madaktari, kwa haraka ya ugonjwa, likachapa tafiti zote mbili bila mtu kusoma.

Léonce akasherehekea kwa urwagwa, pombe ya ndizi, na sambaza, visamaki vya ziwani, za juzi. Asubuhi akaharisha na kutapika, akabebwa mpaka zahanati. Kufumbua macho, nani wamemwinamia? Gatera na Illuminée.

"Kipindupindu hiki," akasema Illuminée. "Na mimi nimethibitisha dawa."

"Hata mimi! Matokeo sawasawa, mpaka koma na nukta!"

"Tafiti mbili, mitaa miwili. Hiyo ndiyo sayansi, Dogiteri."

Mlangoni, nesi Vestine alikuwa ameshika bomba. Linanuka pilipili.

"Yewe, ngojeni!" Léonce akaruka. "Ni uongo! Niliandika mimi, kwenye baa! Wagonjwa hawapo! Dogiteri, sha, si nilikuuzia mwenyewe?"

Madaktari wakatazamana. Tiketi za Paris zilikuwa mifukoni mwao, ndege ni Jumamosi.

Illuminée akafungua jarida polepole, akaweka kidole kwenye mstari.

"Anakana dawa," akasema kwa huruma.

Gatera akakunja mikono ya shati.

"Vestine, mama, ongeza pilipili."