Mpira Usiodondoka wa Kendarius

Jumatatu, 18 Machi

Leo ni leo! Kocha kampigia simu dada yangu Vernell: Jumamosi msaka vipaji wa timu kubwa ya kaskazini anakuja hapa Tolliver kumtazama Kendarius. Kendarius wetu! Mpwa wangu wa damu, mkimbiza mpira wa chuo chetu, mpira ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi. Mimi ndiye niliyemwona kabla ya macho mengine yote, angali anatambaa. Alikuwa anatambaa kwa kukwepa viti. Nilimwambia Vernell siku ileile kwamba huyu atacheza ligi ya kulipwa. Akaniambia nimpishe apige deki.

Nilipaswa kushona kiti cha lori la mchungaji. Badala yake nimefanya tathmini ya kijana. Nina kipimo changu mwenyewe, hakifundishwi popote. Kasi: ya kutisha. Mapaja: magogo. Macho: anaona upenyo kabla haujafunguka. Jumla, alama tisini na saba kwa mia. Tatu nimezikata kwa jambo dogo: mpira humdondoka. Msimu uliopita ulimdondoka mara saba. Lakini mpira wetu huu wa umbo la yai una tabia mbaya tangu kiwandani. Mtoto hana kosa.

Shemasi Broadnax akapita kwenye karakana yangu ya kushonea viti. Akasema mbele ya wateja wangu kwamba Kendarius hashiki mpira, anauazima tu. Wateja wakacheka. Wateja WANGU! Nikapandwa na damu. Nikamwambia: timu za kulipwa zikiteua wachezaji wapya mwezi ujao, kijana asipoteuliwa na yoyote, chukua pahala pangu pa kuchomea nyama. Akiteuliwa, utavaa aproni na kunigeuzia mbavu msimu mzima.

Pahala pale ni getini kwa uwanja, penye kivuli cha ukuta, na upepo unampelekea harufu kila anayeingia. Sisi akina Petway tumechomea mbavu pale tangu enzi za baba. Broadnax alinipa mkono kabla sijameza mate.

Mke wangu Ernestine hajui. Wala asijue.

Jumanne, 19 Machi

Mungu si Athumani! Kocha amempa Kendarius adhabu ile ya kale. Wiki nzima atembee na mpira kwapani: darasani, dukani, kanisani, kwa kinyozi. Na mtu yeyote hapa mjini ana ruhusa ya kuupiga umtoke. Ukidondoka, anapanda ngazi zote za jukwaa la uwanja mpaka juu.

Wengine wameona adhabu. Mimi nimeona mchezo wa kuigiza!

Mpango ni huu. Jumamosi, msaka vipaji akiwa anaingia getini, watu wangu wanamvamia Kendarius kutoka kila upande. Wanakuja kwa hasira, wanapiga kwa upole, wanaanguka chali kana kwamba wamegonga ukuta. Mgeni anashika kichwa: mtoto huyu mpira haumtoki! Alama mia.

Nimekwisha kuwapata Purvis tarishi, wanakwaya wawili, na Bi Odessa, mkuu wa wapokea wageni kanisani. Malipo ni sahani ya mbavu kila mmoja. Purvis ameomba na mahindi. Nimekubali, msanii hanyimwi.

Jumatano, 20 Machi

Mazoezi, kwenye duka la kambare wa kukaanga. Purvis alianguka vizuri mno. Mama mmoja mgeni alianza kumwombea.

Wanakwaya nao walijitahidi, ingawa mmoja aliimba wakati anaanguka. Kisha zamu ya Bi Odessa. Ana miaka themanini na ushee, fimbo ya mkwaju mweusi, kofia yenye manyoya. Nikamweleza tena: kwa upole, mama, ni maigizo tu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Lucius, mwanangu, mimi sijawahi kupiga kwa uongo tangu nizaliwe."

Paa! Mpira ukaruka juu ya meza tatu, ukatua kwenye sufuria ya mchuzi. Kendarius aliuopoa, akaubana kwapani, akaenda kupanda ngazi huku mchuzi unamchuruzika hadi kwenye soksi.

Na nani alikuwa amekaa meza ya dirishani? Broadnax! Alinunulia duka zima soda. Aliniuliza kama kivuli cha pale getini hudumu mpaka jioni, au atafute mwavuli.

Alhamisi, 21 Machi

Kendarius amekuja karakana. Alikaa kwenye kiti kisicho na kitambaa bado, mpira kwapani, unanuka vitunguu. Akasema hapati usingizi. Akasema hakuna timu nyingine iliyopiga simu, hii tu, na Jumamosi ndiyo mlango wake pekee. Mlango ukifungwa atamaliza masomo awe mwalimu, si vibaya, lakini atakaa akijiuliza mpaka azeeke. Mama yake anafanya zamu mbili kwenye dobi ya hospitali ili yeye asome, na hajawahi kumnung'unikia hata siku moja.

Halafu akanitazama. "Mjomba, nakuomba kitu kimoja. Jumamosi usifanye chochote. Njoo ukae tu."

Nampenda mtoto huyu kuliko ninavyoweza kusema, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Nikamwahidi: Jumamosi sitafanya chochote.

Nimekaa saa nzima bila kufanya chochote, nijizoeze. Kisha macho yangu yakaangukia kopo la gundi ya viti.

Leo ni Alhamisi.

Ijumaa, 22 Machi

Akili hii! Wakati mwingine najiogopa.

Gundi yangu haionekani, hainuki sana, na ikipata joto la mwili inashika kama deni la ndugu. Nimeijaribu kwenye mwiko wa Ernestine. Inashika. Mwiko sasa uko ukutani. Ernestine ameuliza uko wapi, nikamwambia hata mimi nashangaa.

Nimemwambia Kendarius aniachie mpira niutoe harufu ya mchuzi, Kocha karuhusu. Akanishukuru! Alisema ndivyo alivyokuwa anamaanisha, msaada mdogo wa kawaida. Nimeupaka upande mmoja tu, ule wa mkononi. Tabaka moja. Kisha la pili, kwa sababu ya Bi Odessa.

Nimesikia Broadnax naye anawanong'oneza watu wapige kwelikweli kesho. Wapige! Wapige na nyundo!

Jumamosi, 23 Machi

Nianze mwanzo.

Mji mzima ulikuja. Wanakwaya walipanga meza za chakula kando ya uwanja. Nilimpa Kendarius mpira wake, akaubana kwapani, nikaenda kukaa. Nilikaa! Nilitimiza ahadi neno kwa neno.

Msaka vipaji ni Bwana Lindqvist, mrefu, mkimya, amevaa kofia ya sufu kwenye joto letu hili. Alipoingia tu, watu wakamvamia kijana. Purvis, chali! Wanakwaya, chali! Watu wa Broadnax wakapiga kwa ngumi, kwa mabega, mmoja kwa mkoba. Bi Odessa akashusha fimbo mara tatu. Mpira haukutikisika hata kidogo! Nilipiga yowe mpaka kofia ikaniruka. Kendarius mwenyewe alikuwa anautazama mpira ule kwa mshangao.

Lindqvist hakuandika neno. Akamsogelea kijana, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu: mbio zako nimeziona kwenye video, nazijua. Wakimbiaji wamejaa nchi hii. Anayewekwa kwenye timu ni yule anayejua kumkinga mrushaji wetu wa mpira, adui akija kumvunja mbavu. Nimekuja kuona unafanya nini usipokuwa na mpira. Uweke chini.

Kendarius akauweka chini. Yaani mkono ulikwenda chini, na mpira nao ukabaki mkononi.

Akautikisa. Akauvuta. Kocha akauvuta, wakavutana kama watu wanaogombea gunia. Mtu akacheka, kisha wengi. Lindqvist alidhani anafanyiwa mzaha. Akatia kalamu mfukoni, akatazama saa.

Ndipo Kendarius akageuza shingo akanitafuta kwenye umati. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. Alikuwa na uso ule aliokuwa nao akiwa na miaka sita, baiskeli niliyomtengenezea mimi ilipokatika katikati. Niliona aibu. Naandika hapa pasipo mtu wa kusoma: niliona aibu mpaka nikatazama viatu vyangu.

"Niachieni mimi!" Sauti ya Broadnax. Shemasi ana uzito wa watu wawili na alikuwa amesubiri wiki nzima. Akatoka mbio kutoka upande wa meza, kichwa chini, macho kwenye mpira tu. Hakumwona Bi Odessa aliyekuwa ameinama njiani anaokota fimbo yake.

Sisi sote tulipiga kelele. Kendarius hakupiga kelele. Alikwisha kufika. Hatua mbili, akashuka kiuno, akamweka bibi nyuma yake, akampokea Broadnax kifuani kwa bega na mkono mmoja mtupu. Puu! Shemasi akasimama kama lori lililogonga mlango wa benki. Kisha akarudi kinyumenyume, kwa hatua ndogondogo za heshima, akaketi kwenye saladi ya viazi.

Bi Odessa hata unyoya wa kofia haukupinda. Akamwambia Broadnax, "Inuka humo, watu hawajala."

Kalamu ikatoka mfukoni! Lindqvist akauliza nani amemfundisha kijana kukinga namna ile. Kocha akajikuna kichwa, akakiri si yeye. Vernell ndiye aliyejibu.

"Kalelewa nyumba moja na kaka yangu Lucius, yule pale. Tangu ana miaka sita anamkinga bibi yake, mama yetu sisi, na majanga ya huyu. Majiko yanayolipuka, ngazi zinazoanguka, mbwa wa kukodi. Mtoto hajawahi kupumzika."

Lindqvist akanitazama kwa muda mrefu, akaandika. Sijawahi kusifiwa hadharani namna ile.

Wanakwaya walimtoa mpira kwa mafuta ya kukaangia kambare, na ngozi kidogo ikaenda nao. Akaendelea na majaribio, mkono mwekundu, ananuka samaki. Alimkinga kila aliyeletwa. Lindqvist alikula sahani mbili, akaondoka bila kuahidi kitu.

Ernestine ameuona mwiko.

Jumamosi, 27 Aprili

Siku ya mwisho ya uteuzi. Sebuleni kwa Vernell tulijaa mpaka mlangoni. Timu zikaita majina tangu mchana. Mkimbiaji wa huku, mkimbiaji wa kule, mmoja nilimpa alama arobaini! Kendarius alikaa sakafuni, hakula. Kila jina lilipoitwa Vernell alikunja kitambaa kilekile cha meza, akakikunjua.

Jina la mwisho likaitwa. Si lake. Runinga ikahamia kwenye matangazo ya magodoro.

Sote tuliinamisha vichwa. Broadnax alikuwapo, na kwa haki yake niseme, naye aliinamisha kichwa. Ingawa futikamba ya kupimia pahala pangu ilikuwa imechungulia mfukoni mwake.

Simu ikalia.

Kendarius aliisikiliza amesimama. Ndiyo bwana. Ndiyo bwana. Ndiyo. Akaishusha, akamtazama mama yake. Ni Lindqvist. Hawakumteua, lakini wanamwita kambini majira ya joto, kwa majaribio, pamoja na wakimbiaji wengine watano wanaogombea nafasi moja. Hakuna ahadi. Lindqvist kasema tangu Machi hajaacha kuwasimulia wenzake kuhusu yule shemasi.

Vernell alipiga kelele mpaka jirani akaja. Akamkumbatia mwanawe, akalia. Mimi nililia, Purvis alilia, Broadnax alilia na kudai kwamba bila kifua chake pasingekuwa na simu yoyote. Nyumba ikapasuka kwa vicheko na nyimbo!

Katikati ya shangwe nikawaeleza kwamba kuitwa ni bora kuliko kuteuliwa, kwa hiyo nimeshinda. Wakampa Bi Odessa aamue. Alifikiri muda wa kumeza funda moja la chai. "Ulisema kuteuliwa, Lucius. Hama."

Ernestine ndipo alipojua.

Jumapili, 28 Aprili

Baada ya ibada nilihamisha jiko. Miaka yote ile ya baba! Broadnax alinisaidia kusukuma, akijifanya ana huruma. Sasa niko upande wa vyoo.

Kendarius akaja tukae. Mkono wake umepona, alama ndogo tu imebaki. Nikamwomba msamaha, wa kweli, bila maneno mengi. Akasema yamekwisha, na kwamba popote atakapofika atajua nilikuwa wa kwanza kumwamini. Nikashindwa kumtazama. Kisha akasema ana ombi moja la mwisho: kule kambini nisikanyage. Uwanja ule nisiukanyage kabisa, hata kwa dakika moja. Nikamshika mkono, nikamwahidi.

Na ahadi ni ahadi. Uwanja ule sitaukanyaga.

Nimetazama picha zake za kutoka angani. Nje ya ukuta, kando ya geti la wachezaji, kuna pahala pazuri sana. Kivuli kipo, na upepo wa huko unavuma kuelekea ndani. Wale wakimbiaji wengine watano wakila mbavu zangu kila asubuhi, nani ataweza kukimbia? Purvis amekubali kuendesha lori, mradi kuna mahindi.

Gundi nitabeba kopo moja tu. Ni kwa ajili ya viatu.